Namna ya kupiga hesabu ya elektroni inavyopita kwenye kisima cha kwantamu kwa laptopu yako ya kawaida

Wadau wa fizikia na wa uhandisi wa umeme hapa Dar, najua projekti ya mwisho ikikaribia wengi mnakimbilia sola, na siwalaumu, sola ina soko. Ila kila mwaka hawakosekani wawili watatu wanaotaka kugusa mambo ya kwantamu alafu wanakata tamaa mapema kwa sababu wanadhani lazima uwe na ile mashine ya kukuza kristali tabaka moja moja ndani ya ombwe. Mashine hiyo kweli haiuzwi Kariakoo. Lakini laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 Kariakoo zimejaa, na hiyo inatosha kabisa kufanya hesabu ambazo Tsu na Esaki walizitoa mwaka 1973 wakiwa IBM, zile za elektroni kupenya kuta mbili zenye kisima katikati, yaani tabaka jembamba ambamo elektroni inanaswa. Mwaka uliofuata, 1974, Chang, Esaki na Tsu wakaionyesha kwa kifaa chenyewe. Nitawapeleka hadi kwenye grafu ya karenti na volteji, na njia nzima inatumia matriksi moja tu. Ukishaielewa hiyo matriksi umemaliza kazi, vingine ni kufungua milango tu, utaona.

Unahitaji Python, NumPy na Matplotlib. Shusha mara moja usiku bando likiwa rahisi, baada ya hapo huhitaji intaneti tena. Wanaopenda Colab sawa, ila kama geto lako mtandao unasuasua utateseka bure kwa kitu ambacho mashine yako inakiweza.

Kwanza karatasi na kalamu, usiruke hapa. Tunatumia GaAs (galiamu aseniki, semikondakta) kama kisima na AlGaAs, yaani GaAs yenye aluminiamu asilimia 30, kama ukuta. Kwanini hizi mbili? Kwa sababu kristali zao zinalingana ukubwa karibu kabisa, GaAs ina 0.5653 nm na AlAs ina 0.5661 nm, kwahiyo unaweza kupandanisha tabaka juu ya tabaka bila kristali kupasuka wala kujaa kasoro. Pengo la nishati la GaAs kwenye joto la kawaida ni 1.424 eV, la AlGaAs ya asilimia 30 ni karibu 1.80 eV, na tofauti hiyo inagawanywa, kama asilimia 60 na ushee inaenda upande wa elektroni. Ndo tunapata ukuta wa urefu wa karibu 0.23 eV. Namba hii ikariri.

Namba ya pili ni masi. Elektroni ndani ya GaAs inajiendesha kama ina 0.067 tu ya masi ya elektroni huru, na hii ndo sababu watu wanaipenda, masi ndogo inafanya ngazi za nishati ziachane vizuri hata kisima kikiwa kipana kidogo. Namba ya tatu ni ħ² gawanya kwa mara mbili ya masi ya elektroni huru, ambayo ni 0.0381 ukitumia eV na nanomita. Nawaomba sana, tumieni eV na nanomita mwanzo mwisho. Mtu akileta joule na mita kwenye hesabu hizi anaishia na namba zenye sifuri 30 nyuma ya nukta na hajui kosa liko wapi, nimesahihisha kazi za namna hiyo na ni mateso kwa pande zote mbili.

Sasa chukua kisima cha 10 nm, ukijifanya kuta zake hazina mwisho. Ngazi ya kwanza ni 0.0381 mara π² gawanya kwa 0.067 gawanya kwa 100, unapata 0.056 eV, yaani 56 meV. Ukuta halisi una mwisho, wimbi linachungulia nje kidogo, kisima kinakuwa kama kimepanuka, kwahiyo ngazi inashuka. Ukitatua ile hesabu ya k tan(kL/2) = κ (L ni upana wa kisima, k ni namba ya wimbi ndani ya kisima, κ ni jinsi wimbi linavyofifia ukutani) kwa kubahatisha na kikokotoo unapata karibu 32 meV. Karibu nusu! Kwahiyo mtu anayetumia fomula ya kuta zisizo na mwisho kwa sababu ni fupi ajue anadanganya kwa kiasi gani. Ngazi ya pili ipo karibu 123 meV. Andika 32 na 123 pembeni, ndo zitakazoikamata programu yako ikidanganya.

Sasa kodi. Wazo ni kukata nafasi vipande vya 0.1 nm, kila kipande namba moja ya V (nishati ya mahali hapo, sifuri kisimani na 0.23 ukutani), alafu mlinganyo wa Schrödinger unageuka matriksi yenye namba kwenye ulalo mkuu na milalo miwili ya pembeni, basi.

```
import numpy as np
c = 0.0381
m = 0.067
dz = 0.1
t = c/(m*dz**2)

def tengenezaH(V):
    N = len(V)
    return np.diag(V + 2*t) - t*np.eye(N, k=1) - t*np.eye(N, k=-1)

def ukuta(n): return 0.23*np.ones(n)
def wazi(n): return np.zeros(n)

V = np.concatenate([ukuta(250), wazi(100), ukuta(250)])
print(np.linalg.eigvalsh(tengenezaH(V))[:3])
```

Ona navyojenga V kwa kuhesabu vipande, 250 ukuta, 100 kisima, 250 ukuta. Wengi wanaandika sharti la aina ya "kama z ni ndogo kuliko 5 basi sifuri", na hapo kompyuta inaweza kukupa vipande 99 au 101 kutegemea ilivyokadiria desimali, unajikuta kisima chako ni cha 9.9 nm bila kujua. Kwa ngazi ya kwanza tofauti ni ndogo. Kwa kupenya ukuta, ambako kila kitu kipo kwenye kipeo, kipande kimoja kinakula asilimia kumi ya jibu.

Ikitoka 0.032, 0.123 na 0.231 upo vizuri. Sasa ile ya tatu inachekesha kidogo. Ukuta ni 0.23 na yenyewe imetoka juu ya ukuta, kwahiyo utasema si ngazi ya kisima. Ukirudi kwenye karatasi lakini utakuta kisima hiki kina ngazi tatu, ya tatu ikiwa imening'inia ukingoni kabisa, chini ya ukuta kwa sehemu ndogo tu ya meV. Wimbi lake linaenea nje kwa makumi ya nanomita kila upande, na sisi tumeliachia nanomita 25 tu, likagonga mwisho wa dunia yetu likasukumwa juu. Ukitaka kuliona, ongeza ukuta uwe vipande 1500 kila upande. Usidharau hili, kila ukitumia programu yoyote ya hesabu za kwantamu jiulize kama boksi lako limembana mtu.

Mpaka hapa elektroni imefungwa, haiendi popote. Usafiri ndo unaanza.

Kuna safari mbili tofauti kwenye kisima na watu wanazichanganya. Moja ni kusafiri kando kando ya tabaka, kama karenti inayotiririka ndani ya kisima chenyewe. Nyingine ni kuvuka tabaka, kutoka upande huu wa kuta kwenda upande ule. Ya kwanza ndo ya transista za HEMT (zile za elektroni zenye wepesi mkubwa) na majaribio ya von Klitzing na wenzake ya athari ya Hall ya kwantamu, ya pili ndo ya diodi za kupenya kwa mvumo na leza za kaskedi ya kwantamu. Nitakaa sana kwenye ya pili, maana hapo ndo hesabu ni tamu, ya kwanza nitaigusa mwishoni.

Kuvuka: weka kuta mbili za 5 nm, katikati kisima cha 5 nm, na nje kote ni GaAs wazi. Kila ukuta peke yake unapitisha elektroni chache mno. Fomula ya ukuta mmoja mnaijua, kwa elektroni ya 0.1 eV inatoa karibu 0.032, yaani tatu tu kati ya mia. Mtu wa kawaida atazidisha, kuta mbili basi moja kati ya elfu. Kumbe kuna nishati moja ambayo inapita karibu yote, kama vile ukiimba bafuni kuna noti moja tu ambayo chumba kizima kinavuma, zingine zinafifia. Wimbi linarudi na kurudi kati ya kuta, kila likirudi linakuta wenzake wako hatua moja nalo, linajengeka mpaka linatokea upande wa pili. Nishati hiyo ni ileile ngazi ya kisima. Kwa kisima cha 5 nm ukipiga kwa mkono unapata karibu 80 meV.

Kwa upande wa hesabu, ile matriksi H tuliyoijenga ina kuta za uongo mwanzoni na mwishoni, wimbi likifika kwenye kipande cha mwisho linaambiwa hakuna kitu zaidi. Tunachofanya ni kufungua kipande cha kwanza na cha mwisho, tunaongeza namba moja kwa kila pembe ya matriksi inayosema "nje ya hapa kuna waya usioisha". Namba hiyo ni -t mara kipeo cha i·ka, ambapo ka (k mara upana wa kipande) inatoka kwenye kosaini ya ka = 1 - E/2t. Ina sehemu ya kufikirika, na sehemu hiyo ndo mlango, ndo kasi ambayo elektroni inavuja kwenda kwenye waya. Njia hii ndo ile ya fankisheni za Green ambayo kwenye makala za watu inaandikwa kwa kurasa 20 hadi mtu unaogopa, lakini kwa waya mmoja mnyoofu ni hii tu:

```
def penya(E, V, Vb):
    s1 = -t*np.exp(1j*np.arccos(1 - E/(2*t)))
    s2 = -t*np.exp(1j*np.arccos(1 - (E + Vb)/(2*t)))
    A = E*np.eye(len(V)) - tengenezaH(V) + 0j
    A[0,0] -= s1
    A[-1,-1] -= s2
    b = np.zeros(len(V))
    b[-1] = 1
    g = np.linalg.solve(A, b)
    return 4*s1.imag*s2.imag*abs(g[0])**2
```

Vb ni volteji, kwa sasa iache sifuri. Tumetumia solve badala ya kugeuza matriksi nzima kwa sababu tunahitaji safu moja tu ya jibu, kugeuza yote ni kuchosha feni ya laptopu bure na joto hili la Januari.

Kabla ya kuta mbili fanya majaribio mawili. La kwanza weka V yote wazi, bila ukuta hata mmoja, alafu ita penya kwa nishati yoyote. Lazima itoke 1. Si 0.98, ni 1 na masalia ya desimali huko mbali. Ikitoka kitu kingine, mlango wako umeukosea, usiendelee. La pili weka ukuta mmoja wa vipande 50 na E ya 0.1, utegemee karibu 0.032 tuliyopata kwa fomula. Msimamizi akikuuliza umejuaje programu yako iko sahihi, haya mawili ndo jibu lako, na ni jibu zuri kuliko kusema niliitoa kwenye makala fulani.

Haya sasa kuta mbili:

```
V = np.concatenate([wazi(100), ukuta(50), wazi(50), ukuta(50), wazi(100)])
E = np.linspace(0.001, 0.2, 2000)
T = [penya(e, V, 0) for e in E]
```

Chora T (sehemu ya elektroni zinazopita) dhidi ya E (nishati), na mhimili wa wima uweke wa logi, bila logi utaona sindano moja na uwanja mtupu. Karibu na 0.080 utaona kilele kinachofika karibu 1. Kilele hicho kina upana wa karibu 1 meV tu. Upana huo ni muda pia, ukichukua 0.658 ukagawanya kwa upana wa meV unapata pikosekunde, kwahiyo elektroni inakaa kisimani kama 0.66 ya pikosekunde kabla haijatoka. Punguza kuta ziwe 3 nm badala ya 5, upana unaruka hadi karibu 8 meV na muda unashuka chini ya moja ya kumi ya pikosekunde. Ndo maana wanaotaka spidi wanatengeneza kuta nyembamba sana, na diodi za namna hii zimeshatumika kama osileta zinazovuka 1 THz kwenye joto la kawaida. Hakuna transista ya simu yako inayokaribia huko.

Mtego mkubwa wa sehemu hii ni hatua ya nishati. Nimeweka vipande 2000 makusudi, hatua ni 0.1 meV. Ukiweka vipande 40 kwa sababu unataka grafu itoke chap, hatua inakuwa 5 meV, na kilele chenye upana wa 1 meV unaweza ukakiruka kabisa au ukakiona kina urefu wa 0.04, alafu unaandika kwenye ripoti kwamba hakuna mvumo. Kanuni yangu ni hatua iwe moja ya kumi ya upana au chini zaidi. Kama hujui upana, anza na hatua nene utafute pa kilele, alafu rudi na hatua nyembamba pale pale.

Sasa volteji. Ukiweka betri, upande wa kulia unashuka kwa Vb, na katikati ya kuta nishati inateremka kama mlima. Kwa kuanzia chukulia mteremko ni mnyoofu:

```
mteremko = np.concatenate([wazi(100), -Vb*np.linspace(0,1,150), -Vb*np.ones(100)])
T = [penya(e, V + mteremko, Vb) for e in E]
```

Kisima kipo katikati ya mteremko kwahiyo ngazi yake inashuka nusu ya Vb. Hapa ndo unaweza kubashiri grafu nzima kabla ya kuipiga. Tuseme upande wa kushoto umedopiwa, yaani umetiwa atomu za kigeni zinazotoa elektroni, hadi elektroni 10^18 kwa sentimita ya ujazo. Kwenye baridi kali hizo zinajaza nishati kuanzia chini hadi karibu 54 meV, ndo ngazi ya Fermi. Ngazi ya kisima ipo 80, juu ya hao wote, kwahiyo karenti ni kidogo mno. Ngazi ikishuka 26 meV inakutana na elektroni za juu kabisa, hapo Vb ni 52 mV na karenti inaanza kupanda. Inaendelea kupanda mpaka ngazi ikaribie sakafu (nishati ya chini kabisa ya elektroni za kushoto), Vb ikikaribia 160 mV. Ikishazama chini ya sakafu hakuna elektroni ya kushoto yenye nishati hiyo tena, karenti inaporomoka japo volteji inaongezeka. Hiyo ndo ile ukinzani hasi ambayo watu wa saketi wanaipenda, maana ukinzani hasi unaweza kufuta hasara na saketi ikaanza kutetema yenyewe. Esaki aliwahi kuipata kwenye diodi yake ya mwaka 1957, ile ya kabla ya visima, na akapata Nobeli ya 1973 pamoja na Giaever na Josephson.

Kilele cha T kikiwa na volteji hakitafika 1 tena, usihangaike kutafuta kosa. Kuta mbili hazilingani tena, ule wa kulia umeshakuwa mfupi machoni pa elektroni, na mvumo kamili unahitaji kuta zilingane.

Karenti yenyewe ni T kila nishati, mara idadi ya elektroni zinazopatikana, jumlisha zote. Kwa GaAs namba ya mbele ni 1.08 mara 10^9 mara kT, jibu linatoka ampea kwa sentimita mraba kama nishati zote ni eV:

```
x = (EF - E)/kT
ugavi = np.logaddexp(0, x) - np.logaddexp(0, x - Vb/kT)
J = 1.08e9*kT*np.sum(np.array(T)*ugavi)*(E[1]-E[0])
```

Hiyo logaddexp usiibadilishe na log ya 1 + exp, joto likiwa dogo exp inalipuka na utajaziwa nan skrini nzima. EF ndo ngazi ya Fermi, weka 0.054. kT, nishati ya joto, kwa 77 K ni 0.0066, kwa 4.2 K ni 0.00036. Kwa joto la Dar, tuseme nyuzi 30 yaani 303 K, ni 0.026, ila kwenye joto hilo EF nayo inashuka kidogo kwahiyo ukitaka usahihi uipige upya. Zungusha Vb kutoka 0 hadi 0.3 kwa hatua ndogo. Itachukua dakika kadhaa, na kwa vile umeme hauna ahadi hifadhi kila volteji kwenye faili kwa np.save ikimaliza, usisubiri mwisho.

Kilele kitegemee karibu na 0.16 V au kabla kidogo, na ukubwa wake uwe makumi ya maelfu ya ampea kwa sentimita mraba. Ukipata milioni mia, umekosea yuniti. Ukipata sifuri nukta sifuri, hatua ya nishati imeruka kilele, rudi juu.

Alafu linganisha na grafu za kifaa halisi kwenye makala yoyote, utaona bonde lako, ile sehemu karenti inaposhuka, liko chini sana kuliko la kwao. Wanafunzi wengi wanaficha hili kwenye ripoti, mi nasema liweke mbele, ndo sehemu ya maana. Sisi tumechukulia elektroni haigongwi na kitu. Ndani ya GaAs kuna mitetemo ya kristali yenye nishati ya 36 meV, elektroni inaweza kutoa fononi moja (punje moja ya mtetemo huo) ikashuka 36 meV ikapata ngazi hata kama haikuwa saizi yake, na hiyo inaongeza karenti bondeni. Kuna mpaka wa tabaka pia ambao si laini, unaweza kuwa na kijinundu cha tabaka moja la kristali, 0.283 nm. Kwenye kisima cha 5 nm hiyo ni kama asilimia 6 ya upana, inasogeza ngazi kwa meV kadhaa, wakati kilele chako kina upana wa 1 meV. Yaani kasoro ya tabaka moja la atomu inazidi upana wa kitu chote unachokipima. Ukitaka sura ya hilo bila kodi mpya, piga T kwa kisima cha vipande 47, 50 na 53, alafu chukua wastani. Kilele kinapasuka vipande vitatu vifupi.

Kitu kingine tulichokiruka ni masi ya ukuta. AlGaAs ya asilimia 30 ina 0.092, si 0.067. Ukiingiza hiyo, t inakuwa tofauti kati ya kila vipande viwili na unatumia wastani wa 1/m wa majirani, na ulalo unakuwa jumla ya t mbili za pembeni badala ya 2t. Kwenye kisima cha 10 nm ngazi ya kwanza inashuka kutoka 32 hadi karibu 30 meV. Si kubwa, ila kwa kupenya ukuta inaonekana, masi kubwa inaua wimbi haraka zaidi.

Safari ya kando kando sasa, kwa ufupi. Hapa kuta zinazuia tu elektroni isipande wala isishuke, inabaki bapa. Shida ya zamani ilikuwa ukidopu kisima, atomu zilezile zilizotoa elektroni zinabaki pale zikizigonga. Mwaka 1978 Dingle, Störmer na wenzao Bell Labs wakadopu ukuta badala ya kisima, elektroni zikaangukia kisimani na atomu zikabaki mbali. Hesabu ya haraka unayoweza kuiweka kwenye ripoti ni kwamba kila meV moja ya ngazi ya chini ya GaAs inabeba elektroni 2.8 mara 10^10 kwa sentimita mraba. Ukiwa na 3 mara 10^11, ngazi ya Fermi ipo karibu 10.7 meV juu ya ngazi ya kwanza. Na kama mobiliti yake, yaani wepesi wa elektroni kusukumwa na umeme, ni milioni moja ya cm²/Vs, elektroni inasafiri kama maikromita 9 bila kugongwa. Ukichonga kifaa kifupi kuliko hapo, ukinzani wa kawaida hauna maana tena, unahesabu njia tu, na kila njia iliyofunguka kabisa inapitisha maikrosimensi 77.5, ndo walichokiona van Wees na wenzake, na Wharam na wenzake, mwaka 1988. Fankisheni penya inatoa T hiyohiyo, zidisha tu.

Kwa wanaotaka kwenda kwenye kyubiti za spini (biti za kompyuta ya kwantamu zinazotumia spini ya elektroni), kodi inabaki ileile, badilisha kisima kiwe Si ndani ya SiGe. Masi ya kuvuka tabaka kwa silikoni iliyovutwa ni karibu 0.92, kwahiyo ngazi zinabanana sana, na ya kando ni 0.19. Usije ukaweka 0.19 kwenye kodi hii ya kuvuka, utapata ngazi nzuri za kuvutia ambazo hazipo. Silikoni pia ina mabonde mawili ya nishati karibu sawa ambayo H yetu ya bendi moja haiyaoni kabisa, kwa hilo unahitaji matriksi nyingine.

Kwa ripoti weka grafu nne tu: V yenye ngazi zake, T kwa logi bila volteji, T kwa volteji tatu, na J dhidi ya Vb kwa 77 K na 303 K kwenye karatasi moja. Na kwenye kiambatisho yale majaribio mawili, V wazi na ukuta mmoja, pamoja na 32 na 123 zako za kalamu.